Uchungu wa Milka Haufutwi

Kila asubuhi Jentrix hukaanga samaki kwenye ufuo wa Dunga. Wateja wakipungua, hushika simu na kuandika kwenye blogu yake, ukurasa wa mtandaoni ambao watu husoma na kutoa maoni. Huandika kuhusu watu waliokoseana, wakaketi pamoja, na mkosaji akarekebisha alichoharibu.

Safari hii aliandika kuhusu Obiero, kwa ruhusa yake. Kijana huyo aliiba wavu wa kuvulia samaki wa Milka, mama wa hapo ufuoni, akauuza. Katika kikao cha upatanisho alikiri, akakubali kumshonea Milka wavu mwingine, akaanza kazi hapo Dunga.

Maoni yakamiminika. Mtu mmoja aliandika: "Anakaa Nyalenda, nyuma ya mashine ya unga. Mfuateni!" Obiero hakuja tena kushona. Alijificha kwa shangazi yake.

Jentrix akaingiwa na hofu. Akafuta maoni yote yenye hasira, bila kuchagua. Hasira ni hasara, wanasema. Hofu nayo haiko mbali.

Mara Milka akatokea, kanga begani, macho mekundu.

"Aa! Jentrix, umenifuta? Niliandika tu kwamba bado naumia. Kwani mwizi ni mimi?"

Jentrix alitamani ardhi immeze.

Jirani yake Rehma, anayepokea ujumbe wa wasikilizaji redioni, alikuwa hapo akichagua samaki.

"Dadangu, kule kikaoni mlimkataza Milka kukasirika?" aliuliza.

"Hapana. Alilia, akafoka. Tulimsikiliza."

"Na kama mtu angekuja na rungu?"

"Tungemtoa!"

"Basi hata hapa ni hivyo hivyo. Uchungu uache. Anayetisha, anayetukana au anayetaja mahali mtu analala, mtoe. Kitisho kipige picha kwanza, umpelekee chifu. Halafu uweke blogu ishikilie maoni mpaka uyasome. Usingoje nyumba iungue ndio utafute maji."

Rehma akamwonyesha pa kubonyeza. Jentrix akaandika kanuni zake juu ya ukurasa, wote wazione. Chini yake akamwomba Milka msamaha. Kitisho kile akakitafuta kwenye maoni yaliyofutwa, akakipiga picha, akakifikisha kwa chifu.

Maoni ya kwanza kusubiri ruhusa yalikuwa ya Milka: "Obiero, nilikuwa nakuita nyathina, mwanangu. Wavu ule ndio uliosomesha watoto wangu. Bado naumia. Rudi umalize kazi."

Jentrix aliyasoma, akafuta machozi, akayaruhusu.

Kesho yake Obiero alifika Dunga na sindano yake ya nyavu. Hakuweza kumtazama Milka usoni.

"Mama, nimesoma," alisema.

Milka akautandaza wavu mpya ambao haujakamilika. Kisha akasogea kwenye benchi kumpa nafasi.

"Keti. Uliachia hapa."