Mto Wenye Doa la Machungwa

Siku ya gulio, kijana asiyejulikana aliingia dukani kwa Mzee Hilali, Kasulu, mikono ya sweta lake ikiishia viwikoni, akaomba mabaki ya rangi za milango. Shamsia, binti wa mwenye duka, alimuuliza ana mlango gani huko kambini kwa wakimbizi.

"Sina mlango, dada. Nina mto."

Aliitwa Ndayiragije. Mwaka uliopita, 1972, alivuka mto Malagarasi akikimbia mauaji ya Burundi. Kuchora alifunzwa misheni. Mzee Hilali akamwagiza picha ya kutundika ukutani dukani: ikipendeza, angemwandikia barua ya udhamini abaki mjini kuchora vibao vya maduka. Isipopendeza, Ijumaa angepanda lori na wenzake kwenda makazi mapya, Tabora.

Alichorea uani. Shamsia naye akawa hamalizi kuanika kanga.

Picha ilipokwisha, Shamsia aliisogelea, akanuna. Madoa matupu! Zambarau, kijani, njano, kila moja peke yake kama punje za mahindi. Akadhani kijana anawacheza shere, asimsemeshe siku mbili. Ya tatu Ndayiragije akaisimamisha barazani, akamvusha barabara.

"Sasa geuka, mpenzi."

Madoa yalishikana. Mto ukaanza kwenda. Katikati yake paliwaka doa moja la rangi ya machungwa.

"Kitenge cha mama," alisema. "Hapo ndipo nilipokiona mara ya mwisho."

Shamsia akamwahidi kwamba hakuna mkono utakaoigusa picha ile.

Ijumaa asubuhi, Mzee Hilali alimkabidhi bintiye brashi pana na kopo la rangi ya buluu. Maji ni buluu, alisema; ayafunike madoa yote, naye atie saini barua. Shamsia akamweleza habari za kitenge. Mzee akainamisha kichwa.

"Mungu amrehemu. Lakini mwanangu, watu huja dukani kununua, hawaji kuomboleza."

Ndayiragije alikuwa mlangoni na kifurushi chake. Shamsia akamgeukia, brashi mkononi.

"Niambie nipake, Ndayi. Neno moja tu."

"Nataka kubaki, Shamsia. Nataka mno. Lakini ahadi uliitoa wewe."

Lori lilipiga honi. Shamsia akafunika kopo, akakigonga kifuniko kwa kiganja mpaka kikakaza. Kisha akaibeba picha hadi lorini, baba yake na gulio zima wakitazama, akampandishia Ndayiragije aliyekwisha kupanda. Kwa baridi ya Kasulu rangi ilikuwa bado mbichi, naye Shamsia alikuwa ameishika picha pembeni tu, kwenye mbao za fremu.