Utomvu wa Fenesi Nyweleni mwa Afaf

Kila asubuhi Afaf alikunywa chai peke yake. Baba yake, Faraj, alikuwa karani wa ghala bandarini, na alitoka nyumbani kabla jua halijachomoza. Afaf, msichana wa miaka kumi na mmoja, alifunga mlango, akapita vichochoro vya mtaa wao wa Kuze hadi shuleni. Alasiri alikwenda chuoni kusoma Kurani, na jioni alipika wali wa watu wawili. Faraj aliporudi aliuliza, "Shule njema?" Afaf akajibu, "Njema, Baba." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya siku nzima.

Mama yake alikuwa Maskati kwa miezi minne sasa, akimuuguza nyanya. Alipokuwapo, alimsuka Afaf nywele huku wakisimuliana mambo ya mchana kutwa. Siku hizi Afaf alijichana mwenyewe mbele ya kioo, bila kusema neno.

Jumamosi moja ya mwaka 1994, aliwakuta wasichana wa mtaa wakicheza kibe, mchezo wa kujificha na kutafutana, katika ua wa nyumba isiyokaliwa na mtu. Alisimama mlangoni kwa muda, akitumaini wangemwita. Hawakumwita.

"Naweza kucheza nanyi?" aliuliza.

Areej, aliyekuwa mkubwa wao, aliwatazama wenzake. "Haya, kajifiche. Mimi nitatafuta."

Afaf alikimbia hadi nyuma ya mfenesi uliokuwa pembeni kabisa mwa ua. Aliegemeza kichwa kwenye shina, akabana pumzi. Akasikia hesabu: moja, mbili, tatu. Akasikia kicheko, kisha nyayo zikikimbia kuelekea nje. Halafu kimya.

Alijua mapema kwamba wameondoka, lakini hakutoka. Maadamu alikuwa amejificha, aliweza kujiambia kwamba mchezo haujakwisha. Alibaki hapo mpaka ikaadhiniwa alasiri. Alipoinua kichwa, nywele zilimvuta hadi akapiga ukelele. Asubuhi ile mtu alikuwa amekata fenesi kwenye shina lile, na utomvu mweupe uliochuruzika kikonyoni ulikuwa umemgandia kisogoni.

Nyumbani alijaribu sabuni na maji ya moto. Utomvu ukageuka kama mpira, ukazidi kunata, na kichana kikanasa kila alipochana. Baba yake aliporudi alimkuta amejifunga mtandio.

"Mbona umejitanda ndani ya nyumba?"

"Nina mafua, Baba."

"Pole. Lala mapema."

Afaf alitamani aulizwe tena. Hakuulizwa.

Kesho yake, Faraj alipokwenda sokoni, Afaf alikumbuka kwamba mafundi wa rangi husafisha mikono yao kwa mafuta ya taa. Akaichukua chupa ya mafuta ya kandili, akaketi jikoni, hatua mbili tu kutoka kwenye jiko la makaa alilokuwa akipikia wali, akavua mtandio, akafungua kizibo, akainamisha kichwa.

"Hodi hapa!"

Alikuwa Bi Nyevu, mwanamke wa Rabai aliyeuza vipande vya fenesi kwenye pembe ya kichochoro, na ambaye kila siku aliingia kuomba maji ya kunawa. Alisukuma mlango, akasita, akanusa.

"Mwanangu, weka chupa hiyo chini. Polepole. Sasa njoo huku uani, mbali na makaa."

Afaf alitii. Bi Nyevu aliifunga chupa, akaiweka mbali, kisha akamtazama kisogoni.

"Lo! Huu ni utomvu wa fenesi. Mafuta ya taa yangekuchubua ngozi, na cheche moja tu ingekuwasha kichwa kizima. Umekaa hivi tangu lini?"

"Tangu jana."

"Na baba yako?"

"Hajui."

Bi Nyevu hakumkemea. Alitoa kikapuni kichupa cha mafuta ya nazi, yale aliyojipaka viganjani kila alipotaka kupasua fenesi. Akayamimina palipoganda, akasugua kwa vidole, akangoja yaingie, akafuta kwa kitambaa, akaongeza mengine. Utomvu ulilegea, ukaanza kutoka vipande vipande. Na Afaf, kwa kuwa kulikuwa na mtu aliyemshika kichwa kwa upole, akaanza kusema. Alieleza kibe, kicheko, ule ukimya, na jinsi alivyosubiri. Hakukumbuka mara ya mwisho aliposema maneno mengi hivyo.

Hakuona kwamba Faraj amesimama mlangoni na samaki mkononi, akisikiliza.

"Uliniambia ni mafua," Faraj alisema.

Afaf aliinama. "Nilisema uongo, Baba. Nilikuona umechoka. Nikaogopa utasema nywele zikatwe."

Bi Nyevu alimkabidhi Faraj kichana. "Nimemkuta karibu ajimiminie mafuta ya taa kando ya makaa. Kaa hapa, Bwana Faraj, mimi wateja wananingoja. Anzia nchani, ukipanda kuelekea juu taratibu. Kisha mwoshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu, mara mbili."

"Mimi? Sijapata kuchana nywele za mtu!"

"Leo ndiyo siku ya kujifunza."

Faraj aliketi kwenye kigoda. Alivuta kwa nguvu, Afaf akalia, naye baba akaomba radhi, akaanza upya. Vifundo viwili vidogo vilikataa kabisa, wakavikata kwa mkasi. Jikoni wali uliungua na hakuna aliyeinuka.

"Kunaswa na utomvu si kosa," Faraj alisema mwishowe. "Jambo hilo lingempata yeyote. Kosa ni kunidanganya, kisha kujitibu kwa kitu cha hatari. Jambo likikushinda, niambie siku ile ile, hata ukiniona nimechoka. Uongo wa jana nusura ukuunguze leo." Akafuta mafuta vidoleni. "Nami nina kosa langu. Nakuuliza habari za shule kwa mdomo tu, bila kungoja jibu."

"Basi niulize sasa, Baba."

Faraj aliweka kichana chini. "Jana, pale nyuma ya mti, ulisubiri muda gani?"

"Muda mrefu sana."

"Nieleze," alisema Faraj, na safari hii akangoja.