Amplifaya ya Ghorofa ya Tatu

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na duka la vyombo vya muziki lilikuwa limefurika hadi mlangoni. Huyu anajaribu ngoma, yule anabonyeza kinanda kwa kidole kimoja, wengine wawili wanabishana juu ya spika, na hakuna aliyemsikia mwenzake. Katikati ya vurumai hiyo aliingia mwanamke mrefu mwenye gauni la kijani lililopauka mabegani, viatu bapa miguuni, na gitaa la besi mgongoni. Alitembea akiwa ameinama kidogo upande mmoja, kama mtu aliyebeba ndoo siku zote, hata mikono ikiwa mitupu.

Wanamuziki walimwita Dada Besi. Tangu usichana wake alikuwa akipiga kwenye kumbi na hoteli, na sasa, akiukaribia umri wa miaka arobaini, mgongo ulikuwa umeanza kumlipiza. Amplifaya yake ilikuwa ya zamani, ya balbu za kioo, nzito kama jokofu. Naye aliishi ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti.

"Nataka kitu chepesi," alimwambia muuzaji. "Cha kubeba kwa mkono mmoja. Kikiwa na sauti nzuri, sawa. Kisipokuwa nayo, kukosa nimeshazoea."

Muuzaji alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, shati jeupe limenyooka kwa pasi. Watu walimwita Wati, kwa sababu kila mteja alimuuliza kwanza anataka wati ngapi. Huyu hakumuuliza. Sauti yake nzito ya kifuani ilikuwa imemfikia nzima katikati ya kelele zile, na Wati akabaki akimtazama mdomoni.

"Umenisikia?" Dada Besi aliuliza.

"Nimekusikia. Ndiyo maana nimesimama."

Akamwekea amplifaya mbili sakafuni. Moja mpya, ndogo kama mkoba wa safari. Nyingine kuukuu, pana, ya balbu kama yake. "Piga kitu kile kile kwenye zote mbili," alisema. "Polepole, nyuzi za juu kabisa mpaka za chini."

Dada Besi akapiga. Wati akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya boksi la spika, akafumba macho.

"Unasikiliza kwa mkono?"

"Besi si ya masikio peke yake. Haya, sema mwenyewe umesikia nini."

Dada Besi alifikiri. "Hii ndogo inatamka kila neno. Lakini haina tumbo."

"Haina tumbo. Humu ndani inatosha. Ukumbini mpiga ngoma ataimeza na asihisi kitu. Ile ya kwako usiiuze, dada. Mgongo unauma, naelewa. Tafuta mtu wa kukubebea."

"Na wabebaji mnauza hapa?"

"Tunao. Wa bure amebaki mmoja."

Dada Besi alicheka bila kutarajia. Akaondoka mikono mitupu, ila namba yake ya simu ilibaki kwa Wati, kwa kisingizio kwamba likija kabati la spika jepesi atapigiwa. Jioni ile ile simu ikaita.

"Kabati limefika?"

"Halijafika. Nimepiga kukwambia halijafika."

"Na kesho?"

"Kesho nitapiga kukwambia kama bado halijafika."

Hivyo ndivyo walivyoanza, bila mbwembwe. Hawakuwa watoto. Wati aliwahi kuoa na ndoa ikafa kimya kimya, Dada Besi aliwahi kuchumbiwa na mtu aliyemtaka achague kati yake na gitaa. Walipendana kama watu wanaorudi kazini: miguu inauma, lakini wanafurahi kumwona mtu mlangoni. Wati alimbebea amplifaya kwenye maonyesho, akasimama kando ya jukwaa na shati lake jeupe, kisha akaipandisha tena ghorofa zote tatu. Kwenye simu alikuwa bingwa wa maneno.

"Malkia wangu wa nyuzi nne, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nakula sauti yako."

"Utakonda."

Ana kwa ana mambo yalikuwa tofauti. Mara nyingine Dada Besi angesema jambo na Wati angetabasamu tu, au angejibu kitu kingine kabisa. Mama yake Dada Besi, mstaafu wa posta aliyekaa na binti yake pale ghorofani na kuona kila kitu, hakulinyamazia hilo.

"Huyu mtu wako nimemkaribisha chai mara mbili, akanitazama kama picha ya ukutani. Ana kiburi au ana mawazo?"

"Amechoka, mama."

"Wote tumechoka, mwanangu. Chai ni chai."

Siku moja walikuwa wanatoka kwenye shughuli ya mchana. Amplifaya ilikuwa imetangulia kwa mkokoteni. Barabara ilikuwa inachimbwa, mtaro wazi upande mmoja, magari yakipiga honi, jenereta za maduka zikinguruma. Siku zote Wati alihakikisha Dada Besi anatembea kuliani kwake. Siku hiyo mtaro ulikuwa kulia, naye hakutaka atembee ukingoni, akamweka kushoto kwake.

Dada Besi alikuwa amechoka ule uchovu unaoondoa aibu. Akasema akitazama mbele:

"Nimechoka kurudi nyumbani peke yangu. Njoo tukae wote. Tuoane, kama unaona inafaa. Mimi naona inafaa."

Akasubiri. Wati alikwenda hatua kadhaa akiangalia matope. Kisha akasema kwa upole kabisa:

"Unajua, ile spika yako imechoka. Ningekuwa wewe ningetafuta nyingine."

Dada Besi aliharakisha hatua mpaka nyumbani. Usiku ule Wati alipopiga simu, haikupokelewa. Kesho yake pia, na keshokutwa. Siku ilipopokelewa, sauti nzito ile ilikuwa baridi kama sakafu.

"Mpenzi, nimekukosea nini?"

"Hujui?"

"Haki ya Mungu sijui."

"Basi kosa ni hilo hilo."

Akakata. Alilala chali kitandani, kwa sababu mgongo haukukubali mkao mwingine, akajiambia kwamba mwanamke wa umri wake alipaswa kujua. Alimwambia mwanamume ukweli, akajibiwa habari za spika. Yule wa kwanza alimtaka aache gitaa. Huyu, alivyoona yeye, alitaka gitaa tu.

Wiki hizo kiongozi wa bendi moja ya hoteli, mji mwingine, alikuwa anatafuta mpiga besi wa miezi mitatu. Vyombo vyote vilikuwa huko huko. Dada Besi alikubali kabla mtu hajamaliza kueleza. Na kwa kuwa vyombo vilikuwa huko, akaamua kuiuza amplifaya yake. Angeweza kuipeleka duka lolote. Aliipeleka kwa Wati, kwa sababu alitaka ailipie yeye, aione inaingia, na ajue kwamba kila kitu kimeisha.

Alifika na wabebaji wawili asubuhi moja, duka likiwa tulivu. Amevaa suruali nyeusi na blauzi ya zambarau iliyomkaa vizuri, midomo ameipaka rangi. Lakini hakuna aliyemtazama. Mwalimu wa kwaya, baba mmoja mnene mwenye miwani, alikuwa amesimama mbele ya kaunta na amplifaya aliyoinunua juzi, akijitahidi kutopandisha sauti.

"Uliniapia ni safi, ndugu yangu. Waimbaji wangu wanasema inachachatika, nami nasikia inachachatika."

"Niliijaribu mwenyewe," Wati alisema.

Mzee mwenye duka akatoka ofisini, akaichomeka kwenye umeme. Ikatoa kelele nyembamba, kali, kama mafuta kwenye kikaango. Wabebaji wakakunja nyuso. Dada Besi akahisi meno yanamsisimka.

Wati akainama, akaweka kiganja juu ya boksi. Akasikiliza kwa makini sana.

"Mbona iko safi," alisema.

Wabebaji wakatazamana. Mwalimu wa kwaya akavua miwani, hasira imemtoka, hajui aangalie wapi. Mzee mwenye duka akazima ile amplifaya na kusema taratibu, "Wati, baba, hebu nenda kapange stoo. Mimi nitamhudumia mwalimu."

Dada Besi alisimama pale pale. Kiganja juu ya boksi. Macho yanayotazama mdomo. Chai ya mama. Kulia, daima kulia, ila siku ya mtaro. Alijiona mjinga, kisha akaona huruma, kisha hasira ikarudi palepale kwa sababu nyingine. Akawaambia wabebaji wasubiri, akaingia stoo.

Wati alikuwa amekaa juu ya katoni, shati jeupe limeshika vumbi. Dada Besi akapita akakaa kuliani kwake.

"Umekuja kunihurumia?" Wati aliuliza.

"Nimekuja kuuza amplifaya."

"Kwangu? Humwoni bosi?"

"Tangu lini, Wati?"

Wati akaeleza, akiangalia mikono yake. Ujana wake wote aliupitisha mbele ya spika za matamasha akiwa fundi wa sauti. Sikio la kushoto lilikufa kwanza. La kulia bado, ila sauti nyembamba zilikuwa zinapungua moja moja: ndege, kengele ya mlango, nyuzi za juu. Daktari alisema kuna vifaa vya kuvaa.

"Ukavaa?"

"Nani atanunua spika kwa mtu mwenye kifaa sikioni?"

"Na mimi? Mimi nilikuwa nanunua nini kwako?"

Wati akageuka. "Niliogopa. Watu wengi sasa maneno yao yananifikia yamekatwa vichwa. Nabahatisha. Yako yanafika mazima. Nilitaka nikae nayo kidogo kabla hujajua."

Dada Besi akamgeukia. "Siku ile ya mtaro nilikwambia jambo. Ukanijibu habari za spika."

Uso wa Wati ukabadilika. Alijaribu kuikumbuka ile barabara, midomo yake, chochote. "Uliniambia nini?"

"Sirudii."

"Tafadhali."

"Nililisema mara moja, likaniuma wiki kadhaa. Sina nguvu za kulisema mara ya pili." Akanyanyuka, mkono kiunoni. "Keshokutwa nasafiri, miezi mitatu. Hii amplifaya siiuzi tena. Na wabebaji wale wameshanichosha. Ukiweza nisaidie kuirudisha. Usipoweza, sema."

Mzee mwenye duka aliwaona wakitoka na hakuwazuia. "Kesho uje tuzungumze," alimwambia Wati karibu na sikio la kulia. "Ungeniambia tu. Kazi ya stoo ipo, ya ufundi ipo. Ya kuapia watu ndiyo imekwisha." Wati akaitikia kwa kichwa. Ilimuuma, lakini lilikuwa jambo alilokuwa amelisubiri muda mrefu, na sasa hakuwa na haja ya kulisubiri tena.

Walipofika kwenye jengo, wakaishika amplifaya huku na huku wakaanza ngazi. Ghorofa ya kwanza walipumzika. Ghorofa ya pili wakaitua kwenye kibaraza cha ngazi, chombo kikajaa njia nzima, huyu amesimama ngazi ya juu, yule ya chini. Jasho lilikuwa limelowesha ile blauzi ya zambarau. Rangi ya midomo ilikuwa imekwisha kwa kuuma midomo.

Wati alimtazama. Alikuwa ametafakari njia nzima ni jambo gani mwanamke huyu, asiyelalamika hata kwa mgongo wake, angeweza kulisema mara moja tu. Alijua anaweza kukosea. Akashika ukingo wa ile amplifaya.

"Sijui siku ile uliniambia nini," alisema. "La kwangu ni hili. Nataka kukuoa. Sina sikio, na kazi ya kaunta sina tena. Nataka kukuoa hivyo hivyo."

Alidhani ameyasema kwa sauti ya chini. Kumbe Wati, kama wengi wasiosikia sauti zao wenyewe, hakujua tena sauti ya chini iko wapi. Maneno yalipanda na kushuka ngazi zote. Chini mlango ukafunguliwa. Juu, mwanamke aliyekuwa akifua akafunga bomba ili asikie vizuri. Mtoto akauliza nani anaolewa, akanyamazishwa.

Dada Besi aliweka mkono usoni.

"Wati, jengo zima limesikia."

"Limesikia nini?"

"Kila kitu."

Wati akaona aibu mpaka shingoni, lakini hakurudi nyuma, kwa sababu nyuma kulikuwa na ngazi. "Basi wamesikia. Wewe je?"

Dada Besi alitazama ngazi, juu na chini. Maisha yake yote alikuwa amesimama nyuma kidogo ya mwimbaji, mahali ambapo watu wanakuhisi bila kukutazama, na hapo palikuwa pamemtosha. Sasa kila mlango ulikuwa unamngoja yeye. Alikuwa na safari keshokutwa, mgongo mbovu, mama mwenye ulimi, na mwanamume ambaye miaka ijayo angehitaji kuambiwa mambo mara mbili mbili. Alilipima hilo la mwisho kuliko yote. Alijijua si mtu wa subira.

Akamwinamia juu ya amplifaya, midomo karibu na sikio la kulia, ili jibu liwe lake peke yake. Kisha akabadili nia. Akanyoosha mgongo kadiri ulivyokubali, akasema kwa sauti ile nzito, wazi, jengo zima lisikie:

"Nimekubali. Nikirudi safari tunaoana. Na kifaa utavaa."

"Nitavaa," alisema Wati.

Juu, ghorofa ya tatu, mama yake akachungulia kwenye ukingo wa ngazi, kitambaa cha jikoni begani.

"Hongereni," alisema. "Sasa kipandisheni hicho kidude, watu wapite. Mkwe, chai iko mezani."

Wati akainua uso, hajasikia hata neno moja. Dada Besi akamgusa mkono, akamwonyesha juu, na bila haraka akamrudia: "Mama anasema chai."

Wakainama, wakaishika huku na huku.