Mkoba Uliosingiziwa Kunguni

Majirani zangu wa Umoja, na ninyi wa mitaa mingine mnaokaa ghorofani kama sisi, hebu nipeni sikio. Jambo hili linanihusu na mimi, kwa hiyo msidhani nimekuja kumsema mtu.

Ghorofa yetu ya tatu ina nyumba sita, na tulikuwa tukiishi vizuri. Ukikosa chumvi, unabisha kwa jirani. Kila Jumapili alasiri akina mama tulikutana kwa maombi katika nyumba ya mmoja wetu, kwa zamu. Tulikuwa na seti moja ya vitambaa vyeupe vya kufumwa kwa mkono, mali ya ushirika, na mwenye zamu ndiye aliyevitandika kwenye makochi yake. Akimaliza, anavikung'uta, anavikunja na kumpelekea anayefuata. Tulijivunia vitambaa vile kuliko hata sauti zetu za kuimba.

Mlango ulioelekeana na wangu ulikuwa wa Rispa, mama Caleb. Mwaka jana alimleta mama yake, Asenath, kutoka Siaya. Mama huyo alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kidonda kwenye unyayo kisichotaka kupona. Muuguzi wa kliniki ya hapa mtaani alimwambia Rispa waziwazi: kidonda kisafishwe kila baada ya siku mbili, kwa miezi mitatu bila kukosa, la sivyo mguu utapotea. Asenath alikuja na mkoba mmoja wa kitambaa cha maua, umejaa njugu na omena, wale dagaa wa ziwani, kwa ajili ya wajukuu. Wiki ya nne kidonda kilianza kunywea, akatuonyesha pale kwenye ngazi kama mtoto anayeonyesha jino jipya.

Ila alikuwa akijikuna.

"Rispa, ni nini kinaniuma hivi kitandani?"

"Ni mbu, Mama. Nairobi iko na mbu wengi."

Hawakuwa mbu. Rispa alikuwa na kunguni tangu miezi miwili kabla mama yake hajafika. Alikuwa amemwaga maji moto kwenye viungo vya kitanda, akapaka mafuta taa mpaka Caleb akawa anakohoa. Lakini godoro hakulipandisha juu ya paa kulianika. Huko ndiko sote tunakoanika nguo, na godoro la mtu mzima likionekana juani watu huanza kuulizana. Aliona afadhali kuumwa kuliko kusemwa. Usimcheke, msomaji. Ngoja kwanza.

Zamu yake ikafika, vitambaa vikatandikwa. Wacuka, mwenyekiti wetu, alikuwa katikati ya Zaburi aliponyamaza ghafla. Kunguni mmoja mnene alikuwa akitembea polepole juu ya kitambaa cheupe, mbele ya macho yetu sote.

"Mama Caleb, si huyu ni kunguni?"

"Ni mkoba wa Mama," Rispa akasema haraka. "Alikuja nao kutoka ocha, huko kijijini. Nilimwambia asiuingize chumbani, lakini wazee mnawajua."

Pazia la chumbani likasogea. Asenath alikuwa amesimama pale na sahani ya njugu alizotukaangia. Alitutazama, kisha akatazama chini.

"Mniwie radhi, wanangu. Sikujua nimewabeba."

Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye kabisa, na mkono wangu ulikuwa chini ya leso ukijikuna. Nyumbani kwangu kunguni walikuwa wamejaa kwenye soketi za ukutani na nyuma ya picha ya harusi. Nilijua hawakutoka Siaya. Nikainamisha kichwa, nikasema amina, ingawa hakuna aliyekuwa ameomba.

Kesho yake asubuhi Asenath alikuwa amefunga mkoba wake.

"Mama, kaa kwanza kidonda kipone," Rispa alimsihi.

"Nitakaaje katika nyumba niliyoichafua? Watoto wako wataumwa kwa sababu yangu."

Rispa alifungua kinywa. Kisha akaniona nimesimama mlangoni kwangu, akakifunga. Ningeingia ndani niwaache, labda angesema. Badala yake niliuchukua ule mkoba nikamsaidia mzee kuushusha ngazi, na nilijiona mtu mwema.

Kwao kliniki iko mbali. Alienda mara mbili, akachoka. Mwezi wa pili tangu arudi mguu ulibadilika rangi, na madaktari wakaukata chini ya goti.

Siku habari ilipofika, Rispa alikaa kwenye ngazi akapiga mayowe. "Ni mimi! Walikuwa kwangu kabla hajakuja!"

Milango ikafunguka mmoja mmoja. Nikasema, "Hata kwangu." Wacuka akasema, "Hata kwangu, tangu mwaka juzi." Nyumba zote sita! Tukavigeuza vile vitambaa tulivyokuwa tukipelekeana, tukakuta mayai kwenye mishono. Jumamosi iliyofuata dawa ilipulizwa jengo zima siku moja, ikarudiwa baada ya wiki mbili, na magodoro yakajaa juu ya paa bila mtu kumuuliza mwenzake. Nikikumbuka ilivyokuwa rahisi, napandwa na hasira hadi leo.

Rispa alisafiri kwenda kuungama. Alimkuta mama yake amekaa peke yake nje kwenye kiti cha mbao, amewakataza watoto wote wa boma wasimkaribie. Mkoba alikuwa ameuchoma. Rispa alipiga magoti akasema ukweli wote, tangu mwanzo. Asenath alimpapasa kichwa, kisha akauondoa mkono upesi.

"Unanifariji tu, mwanangu," alisema. "Hebu kaa pale mbali kidogo, nisije nikakurudishia wale kunguni."

MAFUNZO

Ndugu zangu, kunguni si uchafu wala si umaskini. Huingia kwa tajiri na kwa mchungaji. Ukimwona mmoja, bisha kwa jirani siku hiyo hiyo, mpulize dawa pamoja, maana ukiwafukuza peke yako wanajificha ukutani na kuhamia kwa mwenzako, kisha wanakurudia. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Sisi kilio kilitufichua, lakini aliyekatwa mguu hakuwa mmoja wetu. Semeni ukweli mapema, ukiwa bado unaaminika. Jumapili ile nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, "Hata kwangu," nami nikasema amina.