Vidole Vitano vya Saif

"Sabuni imefika."

"Wako wangapi?"

"Kapteni na vijana wake wawili. Kapteni ana bastola. Saif yuko nao dukani. Usiingie mpaka akupe ishara."

Mkubwa wake akakata simu.

Gaudens alikuwa kachero aliyeletwa kutoka Moshi kwa sababu Kariakoo nzima haikuijua sura yake. Alirudi kwenye baiskeli yake ya Raleigh, akajifanya anatengeneza mnyororo. Bastola yake, Webley, ilikuwa chini ya koti. Ng'ambo ya Mtaa wa Msimbazi, stoo iliyo nyuma ya duka la Saif ilijaa makasha, na chini ya miche ya sabuni zililala bunduki za magendo za Kapteni. Zikitoka leo, watu watakufa.

Lakini hofu yake kubwa ilikuwa Saif asije akadhurika. Huyu Mwarabu mwenye duka, mpasha habari wa polisi, ndiye aliyempokea mjini, akamlisha, akamcheka alivyotokwa machozi kwa pilipili. Walipanga kila kitu, isipokuwa ishara yenyewe. Kila mmoja alidhani mkono ni mkono tu, kila mtu huuelewa.

Saif akatokea mlangoni mwa duka.

Akakutanisha ncha za vidole vitano, zikaelekea juu. Mkono ukapanda, ukashuka, taratibu.

Kule Kibosho, mama yake Gaudens akifanya vidole hivyo, maana yake wote wameshafika, chakula kipakuliwe.

Wote wameshafika!

Gaudens akavuka barabara mbio, akampita Saif. Teke moja, mlango wa stoo chini. Kapteni alikuwa bado amesimama na bastola mkononi.

Saif akaruka katikati yao.

Risasi ya Kapteni ikampata kifuani. Ya Gaudens ikamvunja Kapteni bega. Vijana wale wawili wakanyoosha mikono. Land Rover ya polisi ikafika, makasha yakavunjwa, bunduki zote zikapatikana.

"Kazi nzuri," mkubwa wake alisema simuni.

"Saif amekufa, bwana."

"Pole. Rudi Moshi kesho."

Kesho yake, kabla ya treni, alikwenda msibani. Bi Badriya, mama yake Saif, alikuwa ameketi mkekani na tasbihi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, mimi ndiye..."

Bi Badriya akainua mkono. Vidole vitano, ncha zikiwa pamoja. Mkono ukapanda, ukashuka, taratibu.

Gaudens akaukazia macho mkono ule.

"Hiyo maana yake nini, mama?"

"Subiri, nimalize uradi wangu. Nyumba hii yote tunasema hivyo. Saif hakukufundisha?"

"Alinifundisha, mama. Sikuelewa."

Akaketi. Safari hii akasubiri. Uradi ulipokwisha, akamweleza yote, hakuficha kitu. Bi Badriya alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia ukutani.

Gaudens akavaa kofia yake, akaiweka sawa, akatoka kuelekea stesheni kwa mwendo wa pole, mikono yote miwili mifukoni. Waliomwona kwa nyuma hawakujua kwamba analia.