Jini wa Toleo la Nne

Chai ilikuwa tamu. Jedidah aliishika mdomoni kidogo, kisha akaitema kwenye sinki. Miaka sita sasa hatii sukari, daktari alimkataza, na ofisi nzima ilijua.

"Namukasa! Nimekwambia mara ngapi?"

Namukasa, Mganda aliyepika na kusafisha pale ofisini, alikuja akijifuta mikono kwenye aproni. "Madam, mimi hapana weka sukari. Sukari iko kwa kabati, kabati imefungwa, na funguo iko na wewe."

Ilikuwa kweli. Funguo zilikuwa mkobani mwake tangu wiki jana. Jedidah akajimiminia maji ya kunywa asukutue mdomo, na maji nayo yalikuwa matamu, utamu mzito kama wa kulamba msumari uliopakwa asali. Akamwomba Namukasa msamaha kwa sauti ndogo na kurudi mezani bila kunywa chochote.

Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya kupanga huko Munuki, mjini Juba, nyuma ya stendi ya bodaboda, vyumba vinne na jiko moja. Jedidah alikuwa Mkenya, mtaalamu wa udongo wa kampuni ya ushauri, na kazi yao ilikuwa mpango wa kusafisha kiwanja cha kiwanda cha zamani. Kiwanda hicho kiliyeyusha betri za magari kupata madini ya risasi, kikafungwa kimyakimya, na sumu ikabaki ardhini. Toleo la kwanza la mpango aliliandika Jedidah mwenyewe, na lilikuwa na adabu: chimbeni udongo mita mbili, upelekwe mbali, na kisima kilicho kando ya ukuta kizibwe kabisa. Wenye kiwanja wakakunja uso. Toleo la pili likasema mita moja. La tatu likasema sentimita thelathini, na hilo Jedidah alilisaini, na aibu yake bado alikuwa nayo. La nne, lililokuwa mezani wiki ile, lilisema mwageni kifusi cha murram juu yake, pandeni nyasi, na kisima kifunguliwe Jumamosi kwa ajili ya familia mia mbili zilizohamia kando ya ukuta. Lilikosa saini yake tu.

Kilichotakiwa kumshawishi asaini ni nambari. Mwaka jana udongo wa kiwandani ulipimwa ukaonyesha miligramu elfu sita na mia nne za risasi kwa kila kilo. Safari hii sampuli zilipokwenda maabara Kampala, jibu lilirudi mia tatu na themanini, kiasi ambacho hata mtoto angechezea.

"Mwaka jana mlikosea, Jedidah," alisema Crispus, meneja wake, Mkenya mwenzake, akitabasamu kama aliyejibiwa maombi. "Mungu ni mwema."

Sumu ya risasi haiondoki kwa mvua mbili tatu. Jedidah alijua hivyo, na Jumatatu ile asubuhi aliandika 380 kwenye jedwali hata hivyo, akijichukia kwa kila kitufe alichobonyeza. Chai ya saa nne ndiyo iliyokuwa tamu.

Jumanne mkate ulikuwa mtamu, mate yalikuwa matamu, na jikoni kukaanza kunuka betri iliyoungua. Jumatano, saa saba mchana, jenereta ilizimwa ipumzike kama kawaida, na joto la Juba likaikalia nyumba. Crispus alikuwa ametoka. Jedidah alibaki na kompyuta yake iliyokuwa ikitumia chaji, akikagua jedwali, na pale alipoandika 380 palisomeka 6,400. Akafuta, akaandika 380. Akainama kutafuta kalamu sakafuni, akainuka, na palisomeka 6,400. Akafuta tena, safari hii bila kupepesa macho, na mbele ya macho yake nambari zikajibadilisha moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika.

Hapo ndipo aliposikia friji ikinguruma. Umeme haukuwapo, feni ilikuwa imesimama, bodaboda huko nje zilikuwa zimenyamaza kwa ajili ya joto, na katika kimya hicho friji ya jikoni ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena, na kadiri Jedidah alivyosogea kwenye korido, mkono mmoja ukipapasa ukuta na mwingine ukiziba pua kwa ile harufu ya asidi, ndivyo alivyotambua kwamba haikuwa mashine hata kidogo bali pumzi, pumzi nzito ya kifua kibovu, ikivutwa na kuachiwa, na katikati yake kikohozi, kikohozi cha mtu mzima aliyekohoa miaka mingi na kukizoea, na kilitoka ndani ya mlango uliofungwa ambamo palikuwa na maziwa, nyanya na mitungi minane ya kioo ya udongo wa akiba, kwa sababu ofisi ilikuwa na friji moja tu na sampuli sharti zikae baridi.

Namukasa alikuwa amesimama nje ya mlango wa jiko, amekumbatia ufagio. "Madam, wacha. Hiyo friji iko na mtu."

Jedidah alifungua. Joto lilimpiga usoni kama la tanuri, mpaka nyusi zikanuka kuungua. Maziwa yalikuwa yakichemka ndani ya pakiti yake. Mifuniko ya mitungi ilikuwa imejifungua yote, imepangwa vizuri pembeni, na kutoka nyuma ya mitungi, karibu kabisa na uso wake, sauti kavu ilisema neno moja.

"Nipo."

Hakukumbuka alivyofika uani. Alijikuta ameketi chini karibu na gari, Namukasa akimpepea kwa kifuniko cha sufuria, na dereva wao Gaetano amesimama mbele yake, mtu mzima wa mtaa wa Kator, jasho likimtiririka na kofia imekunjwa mikononi.

"Madam, malesh, samahani," alisema Gaetano kwa kunong'ona. "Mimi nasema sasa. Hii kitu mimi nilileta."

"Umeleta nini?"

"Boss Crispus aliniambia, kopo moja ya udongo ya kiwanda, kopo kumi na sita ya udongo safi. Nikoroge vizuri, nijaze mitungi. Ya Kampala na ya friji, yote."

Jedidah alipiga hesabu kichwani, na hesabu ikakubali. Elfu sita na mia nne kugawanywa na kumi na saba, karibu mia tatu na themanini. Mungu mwema wa Crispus alikuwa kopo na mwiko. Hasira ilimpanda mpaka woga ukakosa pa kukaa.

"Na huo udongo safi ulitoa wapi?"

"Ardhi ilikuwa ngumu, Madam, jembe inaruka tu. Nikapata huko Kator, nyuma ya boma moja. Laini kabisa."

"Gaetano. Mvua haijanyesha tangu Novemba. Udongo laini Juba nzima unatoka wapi?"

Gaetano aliinamisha kichwa. Alijua, na Jedidah alijua. Unatoka pale ambapo watu wamechimba. Na nyuma ya boma, watu huchimba kwa sababu moja.

"Sikuona msalaba, wallai. Ilianguka. Niliuliza baadaye. Ni kaburi ya Yangi. Alikuwa anachochea moto pale kwa kiwanda."

Gaetano alikuwa Mkatoliki, lakini alisema padri atataka kuandikiwa barua kwanza ilhali faki, mganga wa kisomo, anakuja na boda. Jedidah, aliyeimba kwaya ya kanisa lake tangu shule, hakubisha. Baada ya saa moja Faki Murjan wa Malakia aliingia jikoni, mzee mwembamba wa kanzu iliyofifia, akafungua friji, akaifunga bila haraka, akavuta kigoda cha Namukasa na kuketi.

"Huyu si Yangi," alisema. "Yangi amelala. Huyu ni jini wa tanuri. Moto ulipozimwa alikosa nyumba, akaingia kwenye udongo, udongo ukaingia kwa watu. Alimfuata Yangi mpaka kaburini. Nyinyi mmemchimbua na kumweka pamoja na maziwa."

"Basi mtoe, baba. Tunakuomba."

"Nimtoe kwa neno gani?" Mzee alikuwa amekasirika, na hakuficha. "Kazi yangu ni kumwambia jini, najua upo, toka. Nyinyi mmeandika kwa karatasi kwamba hayupo. Sasa atapita mdomo kwa mdomo mpaka kila mtu amwonje. Sikiliza, binti. Udongo urudi kwa mwenyewe. Kisima kizibwe. Na ile nambari yake irudi pale mlipoifuta, na wakubwa wenu waikubali. Mkiacha moja, msiniite."

Alikataa hata maji. Alipanda boda akaenda zake.

Walifika Kator jua likiwa bado kali, mitungi imefungwa kwenye blanketi. Mjane wa Yangi, mama mrefu mwenye mikono ya kazi, aliwasikiliza bila kukatiza neno. Kisha akamnyang'anya Jedidah mitungi, akaimwaga juu ya kaburi mmoja mmoja kwa mkono wake, akasawazisha udongo, akausimamisha msalaba ulioanguka.

"Mume wangu alikunywa chai bila sukari mwaka mzima akisema ni tamu," alisema bila kugeuka. "Fizi zikatoka mstari wa kijivu, kama umechora na kalamu. Nikaenda kwa kiwanda. Wakaniambia hakuna kitu hapa, mama, rudi nyumbani. Na wewe mwenye karatasi, wewe unaandika nini?"

"Niliandika hakuna kitu, mama," alisema Jedidah, na machozi yakamtoka kwa hasira na aibu. "Kesho naandika kipo."

Aliandika. Alhamisi asubuhi alirudisha 6,400, akarudisha mita mbili, akarudisha kisima kizibwe, akalituma toleo hilo kwa wenye kiwanja, kisha akaingia kwa Crispus bila kubisha hodi na kumtupia mezani lile kopo na mwiko alivyopewa na Gaetano.

"Ulinikorogea kaburi la mtu, Crispus! Watoto watakunywa yale maji!"

"Jedidah, wacha drama. Msomi mzima unakimbizana na waganga." Hakuinua hata sauti. "Nimewaambia uko mgonjwa, wasisome ulichotuma. Nenda upumzike. Saini nitaipata."

Hakuelewa alimaanisha nini mpaka Jumamosi. Kando ya ukuta wa kiwanda kulikuwa na hema, viti vya plastiki, spika zilizokoroma, na mamia ya watu wenye madumu wakipanga foleni mbele ya pampu mpya ya mkono. Crispus alishika maikrofoni mkono mmoja na toleo la nne mkono mwingine, na kwenye ukurasa wa mwisho Jedidah aliiona saini yake, imenakiliwa kutoka toleo la tatu na kubandikwa.

"Msinywe!" alipiga kelele akipenya kati ya viti. "Sikusaini! Hiyo saini imebandikwa! Maji yana sumu!"

Walinzi wawili walimdaka mikono. Foleni ilisitasita. Mjane wa Yangi, aliyekuwa amekuja na wanawake wa Kator, aliweka dumu lake chini na kukunja mikono. Crispus akacheka kwenye maikrofoni.

"Mwenzetu anaumwa kidogo. Sasa tazameni, mimi nakunywa wa kwanza."

Alipampu, akajaza glasi, akaimaliza. "Matamu," alisema, na watu wakapiga makofi. Akanywa ya pili. Akanywa ya tatu kwa pupa, maji yakimwagikia shati. Glasi ilianguka, naye akapiga magoti na kuweka mdomo kwenye bomba lenyewe, na mpini wa pampu, ambao hakuna mkono uliokuwa umeushika, ukaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, kwa mwendo wa kikohozi kile kile cha jikoni, na maji yakatoka ya moto, yakifuka mvuke chini ya jua la saa sita, na Crispus akayanywa na mvuke wake, akayanywa, tumbo likimvimba na macho yakimtoka, mpaka makofi yalipokwisha kabisa na spika zikabaki zikikoroma peke yake. Kisha akainua uso. Midomo ilikuwa imebabuka na kuvutika nyuma, na kwenye fizi palikuwa na mstari wa kijivu.

"Nipo," ilisema maikrofoni, kwa sauti isiyokuwa yake. "Elfu sita na mia nne. Mita mbili. Nipo."

Watu walikimbia, madumu yakaviringika. Lakini mjane wa Yangi hakukimbia. Aliokota jiwe, akaenda mpaka kwenye pampu na kuupiga ule mpini, akaupiga tena, na wanawake wenzake wakamfuata, wakitukana kwa lugha zote za Juba. Kabla ya jioni pampu ilikuwa imeng'olewa na kisima kimejazwa mawe mpaka juu. Crispus alisafirishwa Nairobi siku iliyofuata, amefungwa kwenye machela, akiomba maji.

Udongo ulikuwa umerudi. Kisima kilikuwa kimezibwa. Jumatatu Jedidah aliitwa na wenye kiwanja kwenye ukumbi wa hoteli karibu na Buluk, akaenda na toleo lake mkononi, akiamini kwamba baada ya aibu ile watalipokea. Walikuwa saba, suti saba kwenye baridi ya kiyoyozi. Mhudumu aliwamiminia chai wote kutoka birika moja, na bakuli la sukari likabaki katikati ya meza, halijaguswa.

"Pole kwa ya Jumamosi," alisema mwenyekiti wao, mzee wa sauti ya upole. "Mwenzetu aliugua, ni kazi nyingi. Tumekubaliana kuwe na toleo la tano. Kisima tunakiondoa kwenye mpango, tusibishane. Lakini nambari ibaki ile ya maabara, mia tatu na themanini. Utatusaidia kuandika, madam?"

"Nambari ni elfu sita na mia nne," alisema Jedidah. "Nawaomba muikubali. Nawaomba sana."

"Mia tatu na themanini," alirudia mwenyekiti kwa upole ule ule, na wengine sita wakatikisa kichwa kukubali.

Jedidah alikusanya karatasi zake. Alikuwa amekasirika kuliko siku zote. Akainua kikombe chake na kuonja. Ilikuwa chai kavu, chungu kidogo, kama chai isiyo na sukari inavyopaswa kuwa, na akainywa yote mpaka majani.

Upande wa pili wa meza mwenyekiti naye alikunywa funda moja, akasita, akakitazama kikombe.

"Nani," aliuliza, "ametia sukari kwenye chai yangu?"