Nusu ya Sahani ya Fundi Brashi

Fundi Brashi na mkewe walikuwa wapaka rangi. Walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa miaka kumi na tisa. Mume alipanda ngazi, na mke aliishika isiteleze. Ndiyo maana wateja walimbandika mke jina la Bi Ngazi, naye hakulikataa. Alijua kuchanganya rangi kuliko mumewe. Akiupitisha mkono ukutani mara moja tu, alijua kama ukuta unahitaji kupigwa msasa.

Kila asubuhi walikunywa chai, wakapanga makopo kwenye toroli, wakaondoka. Njiani Fundi alipiga soga na kila aliyekutana naye. Alikuwa mtu mkubwa, mcheshi, na kicheko chake kilitoka tumboni. Tumbo lenyewe lilikuwa likikua mwaka hadi mwaka. Bi Ngazi hakuliona kuwa tatizo. Yeye alipenda kupika, na Fundi alipenda kupikiwa. Sahani ikirudi tupu, roho yake ilitulia.

Siku moja walikuwa wakipaka rangi duka la vitambaa. Fundi alikuwa amepanda kidogo tu, kwenye kipandio cha pili. Ubao ukalia, ukavunjika. Fundi akaanguka na kopo lake, rangi ya bluu ikammwagikia hadi masikioni. Mwenye duka alicheka, na Fundi naye akacheka. Lakini Bi Ngazi aliona kitu ambacho wengine hawakukiona. Mumewe alikuwa anacheka huku ameshika goti, na hawezi kuinuka.

Daktari alisema hakuna mfupa uliovunjika. Goti lilikuwa limechoka. Lilikuwa limebeba mzigo mkubwa kwa muda mrefu. Mizani ilionyesha kilo mia moja na mbili. Fundi aliambiwa apunguze uzito polepole, na asipande ngazi mpaka goti lipate nafuu.

Basi wakabadilishana kazi. Bi Ngazi akapanda, Fundi akashika. Siku za mwanzo Fundi alifanya mzaha, akamwita mkewe bosi. Baada ya wiki mbili mzaha uliisha. Jioni moja wakiosha brashi, alimuuliza mkewe kwa sauti ndogo, "Na goti lisipopona, mimi nitakuwa fundi wa nini?"

Bi Ngazi aliendelea kuosha brashi ambayo tayari ilikuwa safi.

Tangu siku hiyo alijitwika jukumu la kumpunguza mumewe uzito. Alikuwa amesikia kwamba matunda na mboga hupunguza uzito. Akaenda sokoni, akarudi na kikapu kimejaa. Kila asubuhi alimkamulia Fundi bilauri kubwa ya maji ya machungwa, akatia sukari vijiko vitatu ili yanyweke vizuri. Mchana alimpa nyingine, ya maembe na ndizi. Usiku alikaanga kabichi kwa mafuta mengi, akaiweka pembeni ya mlima uleule wa wali. Fundi alikula vyote bila kulalamika. Alisema kama kupunguza uzito ni hivi, alichelewa sana kuanza.

Mwezi ulipokwisha walirudi kwenye mizani. Kilo mia moja na nne.

Bi Ngazi alishikwa na butwaa. Wakati huo ndipo wifi yake, dada wa Fundi, alipokuja kuwatembelea. Wifi alikuwa mtu wa kujua mambo yote. Alisema matunda ni sukari tupu, na anayetaka kupungua asiyaguse. Akaondoka jioni, na kikapu cha matunda akaondoka nacho.

Sasa Fundi alilishwa nyama na mkate tu. Akafunga choo. Kila baada ya muda mfupi njaa ilimrudia, na mtu aliyekuwa mcheshi akawa mkali kama pilipili. Adhuhuri moja Bi Ngazi aliingia stoo kutafuta msasa. Alimkuta mumewe amejibanza nyuma ya makopo, mashavu yamejaa. Ganda la ndizi lilikuwa linaning'inia kwenye mfuko wa ovaroli.

"Unafanya nini huku?" aliuliza Bi Ngazi.

"Nakagua rangi," alijibu Fundi, akameza.

Bi Ngazi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha kicheko kikageuka, machozi yakamtoka. Mtu mzima, mumewe, alikuwa akijificha nyumbani kwake ili ale ndizi. Fundi alikaa kando yake kwa shida, mguu mmoja ameunyoosha, akamfuta machozi kwa kitambaa chenye harufu ya tapentaini ya kuoshea brashi.

Wiki iliyofuata walipata kazi ya kupaka rangi kituo cha afya, ukumbi ambapo wagonjwa husubiri. Hapo kulikuwa na mtaalamu wa lishe, msichana wa umri wa kuwa binti yao. Siku ya kwanza aliwaletea viti. Siku ya pili aliuliza kwa nini mama ndiye anayepanda. Bi Ngazi alishuka kwenye ngazi, akamweleza yote, kuanzia goti mpaka ndizi ya stoo. Fundi alitazama dirishani kama vile habari zile ni za mtu mwingine.

Mtaalamu hakucheka. Alimgeukia Fundi.

"Baba, ile bilauri ya asubuhi ilikuwa na machungwa mangapi?"

"Manne," alijibu Bi Ngazi.

"Na ungepewa machungwa manne, uyamenye na kuyala yote kwa mara moja, ungeyamaliza?"

Fundi alifikiri. "Nikifika la tatu ningeanza kuangalia saa."

"Basi hapo ndipo penye siri," alisema mtaalamu. Aliwaeleza kwamba tunda zima lina nyuzinyuzi. Hizo pamoja na maji yake hujaza tumbo, na mtu hushiba mapema. Ukilikamua na kulichuja, sehemu kubwa ya nyuzinyuzi hubaki kwenye chujio. Sukari ya machungwa manne unainywa kwa dakika moja, na njaa iko palepale. Ukiongeza na vijiko vitatu vya sukari, unazidi kujaza mzigo.

Bi Ngazi aliuliza kama wifi yake basi alisema kweli, kwamba matunda ni mabaya.

"Hapana, mama. Matunda na mboga vina nafasi yake kwa mtu anayetaka kupungua, tena nafasi kubwa. Lakini havina uchawi. Ukivila juu ya vyote ulivyokuwa unakula zamani, umeongeza chakula. Vinasaidia vikichukua nafasi ya kitu kingine."

Akaokota chaki. Akachora sahani kubwa kwenye ukuta ambao ulikuwa haujapakwa rangi. Aliigawa katikati, akasema nusu moja ni ya mboga na matunda, na mboga ziwe nyingi zaidi. Nusu ya pili aliigawa tena mara mbili. Robo ilikuwa ya wali, mkate au viazi. Robo ya mwisho ilikuwa ya maharage, samaki, yai au nyama isiyo na mafuta mengi.

Fundi alisogea karibu na ukuta. Aliuliza kwa nini viazi viko upande wa wali, ilhali vinachimbwa shambani kama karoti. Mtaalamu alisema viazi vina wanga mwingi, kwa hiyo vinahesabiwa pamoja na wali na mkate. Asivile kama mboga. Parachichi nalo ni zuri, lakini lina mafuta mengi. Kipande kinatosha.

Halafu alimuuliza Bi Ngazi anaikaanga vipi kabichi. Bi Ngazi alionyesha kwa mkono jinsi anavyomimina mafuta. Mkono ulizunguka mara tatu.

"Mama, hiyo kabichi inaogelea," alisema mtaalamu kwa upole. "Pima kwa kijiko. Kijiko kimoja kwa sufuria yenu kinatosha. Tia kitunguu, nyanya na ndimu, ladha itakuja."

Bi Ngazi aliushusha mkono. Kisha akasema, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemvunja goti."

Fundi aligeuka haraka. "Nani alikuwa anapeleka kijiko mdomoni? Mimi. Wewe ulinipikia kwa mapenzi, na mimi nikala kwa mapenzi. Tutapunguza wali. Mapenzi yabaki kipimo kilekile."

Mtaalamu aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta chaki nyingine.

Kabla hawajaondoka, aliwakumbusha wasiwe na haraka, na waende kwenye mizani mara moja kwa wiki. Alisema pia kwamba mtu mwenye kisukari au ugonjwa wa figo asibadilishe chakula chake kabla ya kuzungumza na mhudumu wa afya. Jioni hiyo walipaka ukuta rangi nyeupe, na ile sahani ikafunikwa. Bi Ngazi alikuwa ameshaichora kwenye karatasi.

Nyumbani, kazi haikuwa rahisi. Usiku wa kwanza Fundi alitazama robo yake ya wali kama mtu anayeaga ndugu. Lakini nusu ya sahani ilikuwa na kabichi, karoti na matango, na alipomaliza alishangaa kujikuta ameshiba. Asubuhi alikula chungwa moja zima na yai. Kiu ilikatwa kwa maji. Njaa ya saa nne ilipewa tunda, si maandazi. Bi Ngazi naye alikula sahani ileile, na jioni walitembea taratibu mpaka mwisho wa barabara, kadiri goti lilivyoruhusu.

Wifi alipokuja tena, alikuta papai mezani, akaanza kuhutubia. Fundi alimkatia kipande. Wifi alihutubia huku anakula, na kipande kikaisha kabla ya hotuba.

Mwezi wa kwanza ilitoka kilo moja na nusu. Mwezi wa tatu haikutoka hata kidogo, na Bi Ngazi alikata tamaa kwa siku mbili. Fundi ndiye aliyemtia moyo. Walipokwenda kwenye mizani baada ya miezi sita, ilisoma tisini na tano. Daktari alilikunja goti na kulikunjua, akasema mgonjwa anaweza kurudi juu.

Kazi yao iliyofuata ilikuwa ukumbi wa shule. Dari lilikuwa pana mno, kwa hiyo mkuu wa shule alikuwa amefunga jukwaa imara la kusimamia. Lilitosha watu wawili. Kwa mara ya kwanza katika maisha yao walipanda wote, kila mmoja na rola yake, wakapaka bega kwa bega.

Saa sita walikaa hukohuko juu, wakafungua chakula. Fundi hakula mara moja. Alikuwa anamtazama mkewe.

"Nini?" aliuliza Bi Ngazi. "Nina rangi puani?"

"Miaka yote hii nikiwa kazini nilikuwa nakuona kutoka juu," alisema Fundi. "Nilikuwa naona kilemba tu. Leo ndiyo naona uso."

Bi Ngazi aliangalia pembeni, akatabasamu. Kisha akamwambia ale matango yake, dari linakauka.